Sentimita Arobaini na Tisa

Mwalimu Polikarp alianza na mwanangu wa kiume. Alifungua droo, akatoa futi ya fundi cherehani, akaizungusha kichwani mwa Saimon juu kidogo ya nyusi, akaibana kwa kidole gumba, akasoma. "Hamsini na tatu na nusu." Akaandika kwenye daftari kubwa. Kisha akamwita Emerensiana, akamvua kitambaa alichofungwa na mama yake kwa sababu ya mvua, akampima mara mbili. "Arobaini na tisa," akasema. Hiyo hakuiandika.

Watoto hao ni mapacha. Emerensiana alitangulia kutoka, Saimon akamfuata baada ya nusu saa, na kwa miaka saba yote mpaka asubuhi ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, ukiacha kile ambacho kila mzazi anakiona akiwaogesha.

"Baba Saimon, sitakuficha," Mwalimu akasema. Aligeukia ukutani, kulikobandikwa mchoro wa mafuvu yaliyopangwa mstari mmoja, la nyani mwanzoni, la mtu mwishoni. Akayagonga moja moja kwa rula. "Unaona yanavyokua? Akili ilikuja kwa sababu ubongo uliongezeka. Hiyo ni sayansi, siyo maneno yangu. Sasa ubongo ni kama debe. Debe dogo ukilitilia mahindi ya debe kubwa, yatamwagika. Huyu wa kiume nafasi yake ipo. Huyu wa kike Kiingereza kitamchosha, atalia, na wewe utapoteza ada bure. Mpeleke shule ya serikali, atamudu."

Aliyasema hayo mbele ya mtoto. Emerensiana alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi, anatazama lile fuvu la kwanza kwenye mstari.

Mkono wangu huu unaokata mfupa wa paja kwa pigo moja ulichukua kalamu, ukaandika jina la Saimon Rupert kwenye fomu, ukaweka sahihi. Nikamwambia Mwalimu asante.

Ilikuwa Januari mwaka tisini na saba. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa: ukitaka duka, fungua, ukitaka gazeti, chapisha, ukitaka shule, jenga. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye ghala la ushirika miaka miwili kabla, watu arobaini kwa siku moja, kwa barua zilizofanana hata makosa ya herufi. Nikafungua bucha pale mtaani Lizaboni pamoja na Saleh, mtu wa Namasakata kule Tunduru, ambaye ndiye aliyekuwa anachinja ili wateja wetu wote, Waislamu kwa Wakristo, wale bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nakata na kupima. Darasa la saba ndiyo mwisho wangu. Mwalimu Polikarp alikuwa mtu wa tai na Kiingereza, amekaa nje ya nchi miaka sita, na shule yake ilikuwa ya kwanza ya Kiingereza mtaani kwetu. Mtu wa namna hiyo akikwambia sayansi imesema, unamjibu nini ukiwa na damu ya ng'ombe kwenye kucha?

Leticia, mke wangu, alijua la kujibu. Nilipomweleza alikuwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Amempima kichwa? Kwa futi?"

"Ndiyo utaratibu wao."

"Na wewe ukakaa tu? Baba Eme, nikuulize. Nani anakusomea yale magazeti unayofungia nyama?"

Nilijua nani. Miaka ile magazeti mapya yalikuwa yanazuka kama uyoga, nami nilikuwa nanunua ya zamani kwa kilo. Emerensiana alijifunza herufi hapo, akikaa juu ya kreti ya soda. Hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuuliza hili nini na hili nini, na kabla hajafika miaka sita akawa anasoma habari za mpira kwa sauti, wateja wanachelewa kuondoka. Saimon alikuwa bado anaiandika S kinyume.

"Alimwuliza asome chochote?" Leticia akauliza.

"Hapana."

"Wewe ulimwambia kwamba anasoma?"

Niliinama nikaanza kuvua viatu. Akaushika tena mwiko, akausonga ule ugali kama vile anaudai. Hatukuongea mpaka Jumapili, na hata kanisani alikaa upande wa wanawake mbali kabisa, mahali ambapo nisingeweza kumwona.

Lakini Saimon alikwenda. Tulimshonea sare, kaptura ya kijivu na shati la bluu, naye Emerensiana akaandikishwa shule ya serikali, watoto tisini darasa moja. Na nitasema kosa langu lote, kwa sababu nimeamua kulisema: niliona fahari. Nilianza kumwita Saimon "Profesa." Wateja wakija nilikuwa nawaonyesha kichwa chake. "Hamsini na tatu na nusu hiyo," nilikuwa nasema, kama nasifu fahali.

Emerensiana aliacha kusoma. Hakutangaza. Siku moja nilimpa gazeti, nikamwambia, "Haya, tuambie timu gani imeshinda," akasema macho yanamwuma. Siku nyingine akasema kichwa kinachoka. Alianza kufunga kitambaa hata jua likiwaka, anakishusha mpaka kwenye nyusi. Mama yake alipokivua akakuta ndani yake matambara yamekunjwa, yamepangwa kuzunguka kichwa chote. Leticia alikuja nayo bucha yale matambara, akayatupa juu ya mizani mbele ya wateja, akaondoka.

Nilidhani nimeumia. Kumbe nilikuwa bado.

Jumamosi moja mwezi wa Mei, Emerensiana alikuwa bucha nasi. Tulikuwa tumechinja ng'ombe dume kutoka Madaba, kichwa chake kimewekwa juu ya gogo. Mtoto alikitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba Saleh, hiki ni sentimita ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Cha nini?"

"Mwalimu alisema mwenye kichwa kikubwa ndiye mwenye akili. Sasa huyu mbona hakujua kukimbia?"

Saleh aliacha kunoa kisu. Alinitazama, sikuyastahimili macho yake. Alikuwa anajua habari za shule, lakini nadhani hakuwahi kuzisikia kutoka kinywani mwa mtoto.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Mtoto wa mtu anapimwa kama boga." Akachukua shoka. "Njoo usimame hapa. Usiogope, huyu amekwisha kufa."

Alikipasua katikati ya pembe. Akaonyesha kwa ncha ya kisu: hapa mfupa, tazama unene wake, umejaa vitundu vya hewa, hapa taya, hapa ulimi, hapa yanapokaa macho. Halafu akatumbukiza vidole, akautoa ubongo, akauweka kiganjani. Haukuzidi ngumi yake.

"Basi?" Emerensiana akauliza.

"Basi. Hiki kichwa chote unachokiona, hiki ndicho kilichokuwa ndani. Aliyesimama nje na futi angejuaje?"

Mtoto alitabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nimepasua vichwa kama vile kwa miaka miwili, nimewauzia watu ubongo wakaange na vitunguu, nimeushika kwa vidole hivi hivi. Nilijisikia vibaya hata nikatoka nje kusimama kwenye mvua.

Wiki hiyo hiyo Leticia alikuwa anamwogesha Saimon akaona makalio yamevimba, mistari ya fimbo imepita juu ya mistari mingine. Tulimkalisha. Alikataa kusema. Halafu akasema yote kwa mara moja, kamasi zinamtoka.

"Nikikosa ananipiga mara mbili ya wenzangu. Anasema nafasi ipo, mimi ndiye sitaki kuijaza. Wenye vichwa vidogo anawapiga moja, anasema siyo kosa lao." Akanishika shati. "Baba, msiniite Profesa."

Leticia hakulia. Aliniambia tu, "Nadhani sasa umeshasikia."

Nilitaka kwenda usiku ule ule nikamvunje mtu. Leticia akanizuia. "Ukimpiga utakuwa mwuza nyama aliyempiga mwalimu, na yeye atabaki mwalimu. Siku ya kufunga shule wazazi wote watakuwepo. Nenda siku hiyo, useme." Ndiye aliyenitafutia gunia safi, na ndiye aliyelifunga juu ya karia ya baiskeli.

Kufunga shule ilikuwa Ijumaa moja ya Juni, baridi kali, ukungu umeifunika milima yote ya Matogoro. Wazazi tuliketi kwenye mabenchi uwanjani, watoto wamepangwa mistari kwenye baraza. Mwalimu Polikarp alisoma matokeo ya darasa la kwanza. Watoto ishirini na wanne. Alipofika kwa Saimon akasimama, akamwita mbele.

"Wa ishirini na mbili," akasema. Akamgonga kichwani kwa rula, siyo kwa nguvu, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi. "Wazazi, mnaona kichwa hiki? Hamsini na tatu na nusu, cha pili kwa ukubwa darasa zima. Huu ndio uvivu ninaowaambia."

Watu wakacheka. Saimon alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Nilisimama. "Mwalimu, naomba nafasi."

"Maswali baadaye, Baba Saimon."

"Mimi ni Baba Emerensiana," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Sina swali. Nina kitu cha kuonyesha."

Nililishusha gunia kwenye ngazi ya baraza, nikatoa kichwa cha ng'ombe, dume mkubwa, pembe kama hivi. Wanawake walipiga kelele. Nikatoa shoka. Wakapiga kelele zaidi. Saleh, aliyekuwa amenifuata kwa miguu tangu bucha akiogopa nitaua mtu, alifika akihema, akasimama karibu nami.

"Huyu ni sentimita tisini na zaidi," nikasema. "Nimempima mwenyewe asubuhi. Mwalimu, ungempa nafasi?" Nikapasua. Kwa hasira nilikosa shabaha, ilinibidi nipige mara tatu. Nikautoa ubongo, nikauinua juu watu wauone. "Haya. Ndicho kilichomo. Mwalimu wenu anapima mfupa! Anapima mfupa na nywele, halafu anawaambia ni akili!"

Mwalimu alishtuka, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Aliiweka sawa tai yake, akatabasamu.

"Asante sana, umenisaidia kufundisha. Ubongo wa ng'ombe haufiki hata nusu kilo. Wa mtu unapita kilo moja. Ubongo mdogo, akili ndogo. Si ndicho nilichosema?"

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Nilibaki na ule ubongo mkononi, umajimaji unanishukia mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu.

Ndipo Saleh akasema, kwa ile sauti yake ya pole, "Samahani, Mwalimu. Na tembo?"

"Tembo nini?"

"Kwetu Namasakata tembo wanaingia mashambani. Nimeona mmoja aliyeuawa na askari wa wanyamapori, fuvu limefunguliwa. Ubongo wake ungejaza ndoo ndogo. Wa mtu ukiutia humo huuoni. Sasa yeye ndiye mwalimu wetu?"

Mwalimu akasema haraka, "Hapana, hapana. Kisayansi unalinganisha na mwili. Uwiano! Tembo ana mwili mkubwa, kwa hiyo ubongo wake kwa uwiano ni mdogo."

"Kwa uwiano wa mwili," nikasema.

"Kwa uwiano wa mwili, ndiyo."

"Basi wanangu uliwapima miili?" Nilipanda ngazi moja. "Mimi nina mizani, Mwalimu. Kazi yangu ni mizani. Saimon ana kilo ishirini na sita. Dada yake kumi na nane. Piga hesabu yako ya uwiano hapa, mbele ya wazazi. Nani ana kichwa kikubwa?"

Alitazama daftari lake, akalifunga. Akasema kwamba sayansi haijadiliwi na watu wenye mashoka.

Mzazi mmoja akasimama, Zena, nesi wa kliniki ya watoto. Yeye hakupaza sauti. "Mwalimu, na mimi napima vichwa vya watoto, kila siku. Tunapima vya wachanga, tujue kama wanakua vizuri, kama hakuna ugonjwa. Kumi na tano mwaka huu nimewapeleka hospitali kwa sababu ya futi hiyo. Lakini sijawahi kufundishwa, wala sijawahi kuona, kwamba katika watoto wazima wa afya futi inaweza kusema huyu atajua kusoma na huyu hatajua. Kama una kitabu kinachosema hivyo, nionyeshe. Mwanangu mwenyewe ulimkubali kwa futi, na mimi nilinyamaza kwa sababu alikubaliwa. Naona aibu."

Aliketi. Nilitegemea wengine wasimame. Hakuna aliyesimama. Nakumbuka jinsi walivyokuwa wanatazama viatu vyao, wale baba na mama ambao vichwa vya watoto wao vilikuwa vimepita. Hilo lilinitia hasira kuliko Mwalimu mwenyewe. Niliwaita majina ambayo siwezi kuyarudia. Niliwaambia wameketi pale kama ng'ombe mnadani, wanafurahi kwamba wao wamepata bei nzuri. Nilimvuta Saimon kwa mkono, nikamvua lile shati la bluu palepale kwenye baridi, nikalitupa barazani karibu na kichwa kilichopasuka, nikamvika koti langu.

Mgambo walinikuta getini. Nilikaa kituoni mpaka saa kumi jioni kwa kosa la kufanya fujo na kubeba silaha, nikaandika maelezo, nikaonywa, nikaachiwa. Bwana afya naye akanifungia bucha wiki mbili kwa kusafirisha kichwa cha ng'ombe kwenye gunia bila kufuata kanuni, na kusema kweli hapo hakunionea.

Sasa watu hupenda kuniuliza kama shule ile ilikufa. Haikufa. Zena alimtoa mtoto wake, na mwingine mmoja akatolewa, lakini Januari iliyofuata mstari wa wazazi wenye watoto wa kupimwa ulifika barabarani. Nilipita pale na baiskeli nikauona. Mtu mmoja niliyesoma naye aliniita kutoka kwenye mstari, "Mlongo wangu, ndugu yangu, hasira za nini, si anachagua tu?" Sikusimama, maana ningesimama tungegombana.

Saimon tulimhamishia shule ya dada yake Jumatatu shule ilipofunguliwa. Miezi kadhaa alikuwa akisikia mtu anabisha hodi mlangoni anashtuka.

Lakini jambo lililoniuma zaidi lilitokea ile Ijumaa yenyewe, nilipofika nyumbani kutoka kituoni. Emerensiana alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Saimon anasema ulipasua kichwa cha ng'ombe shuleni."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya Saimon?"

"Kwa ajili yenu wote."

Akatoa jiwe, akalitupa uani. Akatoa jingine. "Siku ile tulipokwenda shuleni kwenye mvua," akasema bila kuinua macho, "Mwalimu aliposema mimi siwezi. Wewe ulimwamini?"

Mama yake alikuwa jikoni, nikasikia ameacha kusugua sufuria asikilize. Ningeweza kudanganya. Mtoto wa miaka saba ungemwambia hapana angefurahi, na pengine ingekuwa rehema. Lakini nilikuwa nimeshinda siku nzima nikipiga kelele juu ya uongo wa mtu mwingine.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwamini."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua tayari. Niliinama nikanyoosha mkono nimshike kichwani, kama nilivyozoea kumshika tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akaegemea pembeni, mkono wangu ukabaki hewani.

"Usinishike kichwa, Baba," akasema. Hakusema kwa ukali. Akausogeza ungo upande wa pili, akaendelea na maharage yake.